Shoti, Hitilafu na Kulegea: Kiswahili Mbele ya Plagi Inayopata Moto



1.0 Utangulizi

Miongoni mwa mambo yanayotokea mara kwa mara katika nyumba za Afrika Mashariki ni hili: pasi imechomekwa ukutani, nguo zinanyooshwa, na baada ya dakika chache harufu ya plastiki inayoungua inasikika chumbani. Swichi inazimwa, plagi inachomolewa, nayo ni ya moto kiasi cha kutoshikika. Kinachosemwa baada ya hapo ndicho kinachoihusu taaluma ya Kiswahili. Mmoja atasema kwamba umeme umekuja mwingi. Mwingine atasema plagi imepiga shoti. Wa tatu, na mara nyingi huyu ni fundi, ataitikisa plagi ndani ya soketi na kusema kwamba inacheza, haishiki.

Kauli hizi tatu zinahusu tukio moja, lakini kila moja inampeleka msikilizaji njia yake. Anayeamini kwamba umeme umekuja mwingi hulilaumu shirika la umeme na kungoja. Anayeamini kwamba kuna shoti huitazama fyuzi. Akiikuta nzima hushangaa, na akiikuta imeungua huweka nyingine kubwa zaidi, pengine hata kipande cha waya. Anayesema kwamba plagi haishiki hutafuta bisibisi. Katika visa vingi vya plagi kupata moto, ni huyu wa tatu tu ambaye kauli yake inaelekea kwenye chanzo.

Mhadhara huu unatetea hoja moja. Lugha ya jumla ya Kiswahili, ile ya magazeti, ya mazungumzo na hata ya darasani, imezoea kuyaweka matatizo yote ya umeme chini ya maneno mawili, yaani shoti na hitilafu. Maneno hayo yanaficha tofauti kati ya tatizo ambalo fyuzi hulizuia na tatizo ambalo fyuzi haiwezi kulizuia. Tofauti hiyo imekwisha kutajwa na mafundi kwa vitenzi vya kawaida vya Kiswahili. Kwa hiyo kazi ya wanaistilahi katika jambo hili ni kuyasikiliza matumizi hayo, kuyapima na kuyaandika.

2.0 Maneno ya umeme yalivyopatikana

Msamiati wa umeme katika Kiswahili umepatikana kwa njia zinazofahamika vyema katika uundaji wa istilahi. Njia ya kwanza ni kupanua maana ya neno lililokuwapo. Neno umeme lenyewe ni mfano bora, kwani kwa asili lilitaja mwanga unaomulika angani wakati wa radi. Zanzibar, jengo la Beit al-Ajaib lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultan Barghash linakumbukwa kuwa la kwanza visiwani kuwa na taa za umeme. Nishati hiyo mpya ilipozoeleka pwani na bara, lugha ililichukua jina la mmuliko wa mbinguni na kulipa kitu kinachopita ndani ya waya. Neno mkondo nalo lilitoka kwenye maji ya mto na bahari, likaja kutaja mwendo wa umeme. Nchini Kenya njia ilikuwa nyingine: neno stima, lililotokana na Kiingereza na kuhusishwa na mvuke na vyombo vyake, ndilo lililoenea katika mazungumzo kwa maana ya umeme.

Njia ya pili ni utohozi. Plagi, soketi, swichi, fyuzi, waya na shoti ni maneno yaliyoingia pamoja na vitu vyenyewe. Njia ya tatu ni unyambulishaji. Kutokana na kitenzi kinza kulipatikana kinzana, na kutokana na kinzana kukapatikana ukinzani, istilahi inayotaja tabia ya kitu kuuzuia mkondo usipite kwa urahisi.

Vitu vilivyoleta maneno ya utohozi navyo vina historia yake. Plagi yenye pini tatu za mstatili, inayotumika Kenya, Uganda na Tanzania, imetokana na kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 1363, kilichotolewa mwaka 1947. Plagi hiyo imekusudiwa kubeba mkondo usiozidi ampea 13, na ndani yake mna fyuzi ndogo. Plagi ya namna hiyo hutumika pia Oman na Falme za Kiarabu. Rwanda, Burundi na Kongo zilirithi desturi ya Ulaya bara, yenye pini za mviringo. Hivyo wasemaji wa lugha moja wanaishi na plagi za maumbo mbalimbali, na vifaa huvuka mipaka kwa urahisi kama maneno yanavyovuka. Athari ya jambo hili itaonekana katika sehemu ya 6.0.

Jambo la kuzingatia ni kwamba utohozi ulileta majina ya vitu, lakini haukuleta kwa kiwango kilekile majina ya namna vitu hivyo vinavyoharibika. Katika uwanja huo neno shoti lilibaki karibu peke yake, na kwa kuwa lilikuwa peke yake lilibebeshwa mizigo isiyokuwa yake.

3.0 Kinachotokea ndani ya plagi

Ili kuupima uzito wa neno, yafaa kwanza kukielewa kitu. Pini ya plagi inapoingia katika soketi hubanwa na vipande vya shaba vyenye tabia ya springi. Umeme hupita pale tu ambapo shaba imegusana na shaba. Ndani ya plagi kuna migusano mingine: nyuzi za waya hubanwa na skrubu, na fyuzi hushikwa na vibanio viwili. Kila mguso una ukinzani wake. Mguso ukiwa imara, ukinzani huo ni mdogo mno. Ukilegea, eneo la kugusana hupungua na ukinzani huongezeka.

Mfano wa birika la umeme la wati 2,000 unatosha kulionyesha jambo hili. Katika umeme wa volti 230, birika hilo huvuta mkondo wa karibu ampea 8.7. Ukinzani wa mguso ukiwa omu 0.01, joto linalozalishwa mahali hapo halifiki hata wati moja, nalo hutawanyika bila kuhisiwa. Mguso huohuo ukilegea hata ukinzani ukafika omu 0.5, mkondo hupungua kidogo tu, kutoka ampea 8.7 hadi karibu 8.5. Lakini joto, ambalo hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo na kisha kwa ukinzani, hufika karibu wati 36. Hicho ni kiwango cha chuma cha kulehemia anachotumia fundi wa redio. Mwenye birika, bila kujua, ameweka chuma cha kulehemia ndani ya kasha la plastiki na kukiwasha.

Mfano huu una mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mkondo haukuongezeka, ulipungua. Fyuzi ya ampea 13 inaona ampea 8.5 na kuridhika. Sakiti breka iliyo kwenye kabati la umeme nayo inaona hivyohivyo. Kifaa cha kinga kinacholinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi hakioni tofauti, kwa sababu hakuna umeme unaotoroka. Vipo vifaa vya kisasa vinavyoweza kutambua baadhi ya cheche, lakini havijawa vya kawaida katika nyumba za kanda hii. Kwa ufupi, walinzi wote wa kawaida wamo kazini na plagi inayeyuka mbele yao.

Funzo la pili linahusu vifaa vidogo. Chaja ya simu ya wati 10 huvuta takriban ampea 0.05. Katika mguso uleule wenye ukinzani wa omu 0.5, joto lake ni kama sehemu moja ya elfu ya wati. Ndiyo maana mwenye nyumba huapa kwamba soketi yake ni nzima, kwa kuwa simu inachaji hapo kila usiku. Soketi inayofaa kwa simu yaweza kuwa hatari kwa pasi.

Tatizo hili lina tabia ya kujikuza. Joto huifanya shaba iote utando mweusi, na utando huo huongeza ukinzani. Joto huilegeza springi ya soketi, na kulegea huongeza ukinzani tena. Ukinzani ukiongezeka, joto huzidi. Plagi iliyoanza kuwa vuguvugu mwezi uliopita haitapona yenyewe.

4.0 Neno shoti na neno hitilafu

Katika matumizi ya kila siku neno shoti hubeba angalau maana tatu. Maana ya kwanza ni kugusana kwa waya wenye umeme na waya wa kurudishia bila ya kifaa chochote katikati, hali inayosababisha mkondo mkubwa wa ghafla. Hii ndiyo maana iliyokuja na neno lenyewe kutoka Kiingereza. Maana ya pili ni mtu kurushwa na umeme, kama inavyosemwa kwamba fulani amepigwa shoti na friji. Maana ya tatu ni ya jumla: chochote cha umeme kilichotoa moshi, cheche au harufu kimepiga shoti.

Kupanuka kwa maana si dosari kwa asili yake, kwani bila ya jambo hilo Kiswahili kisingekuwa na neno umeme wala neno mkondo. Shida ya shoti ni kwamba maana zake tatu zinadai matendo matatu yanayotofautiana. Katika maana ya kwanza fyuzi au sakiti breka hukata mara moja, na kinachotakiwa ni kutafuta mahali nyaya zilipogusana. Katika maana ya pili kinga ya waya wa ardhi huenda ina kasoro, na maisha ya mtu yamo hatarini. Maana ya tatu humeza tatizo la mguso uliolegea, ambalo kwa hakika ni kinyume cha maana ya kwanza: katika shoti ukinzani umetoweka na mkondo umefurika, ilhali katika mguso uliolegea ukinzani umezidi na mkondo umepungua. Lugha inayoita vitu viwili vilivyo kinyume kwa jina moja humnyima msemaji nafasi ya kuuliza ni kipi kati ya hivyo viwili.

Neno hitilafu lina tabia nyingine. Limetokana na Kiarabu, nalo lina heshima ya lugha rasmi. Habari za nyumba au masoko kuungua mara nyingi hufungwa kwa kauli kwamba chanzo cha moto ni hitilafu ya umeme. Kisarufi, kauli hiyo ina sura ya jibu. Kimaana, haisemi zaidi ya kwamba palikuwa na umeme na jambo halikwenda sawa. Msomaji haambiwi kama nyaya ziligusana, kama kifaa kilizidiwa, au kama plagi moja ililegea kwa miezi kadhaa ikifunikwa na pazia. Hivyo hatoki na funzo lolote analoweza kulitumia nyumbani kwake jioni hiyo.

Sarufi ya kitenzi nayo inachangia. Inaposemwa kwamba plagi imeungua, kauli ya kutendeka haimtaji mtenda, na swali la kilichoiunguza linaachwa. Inaposemwa kwamba umeme umeiunguza plagi, mtenda anatajwa, lakini ni umeme, kitu kilichotoka nje ya nyumba. Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi. Hata hivyo, zote mbili zinaiweka nje ya macho skrubu ambayo haikukazwa.

5.0 Sitiari ya maji na mipaka yake

Kiswahili kimeuelewa umeme kwa njia ya maji. Umeme una mkondo. Unakatika na kurudi kama maji ya bomba. Unakuja mwingi au mdogo. Na pale mwili wa friji unapomrusha mtu, husemwa kwamba umeme unavuja. Sitiari hii imesaidia sana katika ufundishaji, na hakuna haja ya kuiacha.

Lakini kuna mahali inapopotosha. Kiungo cha bomba kilicholegea huvuja, na dawa ya haraka ya kiungo kinachovuja ni kukifunga kwa nje. Anayeubeba mfano huo hadi kwenye umeme huona plagi inayopata moto, au waya uliounganishwa kwa kusokotwa, kisha huuzungushia utepe wa plastiki mara nyingi na kuamini kwamba ametengeneza. Kiungo cha umeme kilicholegea hakivujishi chochote. Kinazuia, na kwa kuzuia kinapata joto. Utepe haupunguzi ukinzani hata kidogo. Unachofanya ni kulifungia joto ndani na kuficha alama nyeusi ambazo zingemwonya mwenye nyumba.

Mwalimu anayependa kubaki na sitiari anaweza kutumia nyingine iliyo karibu zaidi na tukio lenyewe, nayo ni ya watu wengi wanaopita katika mlango mwembamba. Uwanja ni mpana ndani na nje, lakini mlangoni watu wanasuguana, na joto linahisiwa pale tu. Sitiari hii inaeleza pia kwa nini waya wenyewe huwa baridi ilhali plagi ni ya moto.

6.0 Vitenzi vya karakana na utaratibu wa uchunguzi

Lugha ya mafundi hutumia vitenzi vichache vyenye kubainisha mambo kwa usahihi. Kushika ni mguso kuwa imara: pini inashika, au haishiki. Kucheza ni plagi kutikisika ndani ya soketi. Kulegea ni skrubu au springi kupoteza nguvu ya kubana. Kukaza ni tendo la kuirudisha nguvu hiyo. Kuzidiwa ni kifaa au ekstensheni kubebeshwa mzigo kupita uwezo wake. Kuvuja ni umeme kutokea mahali usipotakiwa. Vitenzi hivi havikutungwa na kamati yoyote. Vilitoka katika kazi nyingine za mikono, kama vile useremala, ufungaji wa mabomba na matengenezo ya baiskeli, na vikafaa.

Thamani yake inaonekana vitenzi hivyo vinapofuatwa kama utaratibu wa uchunguzi. Plagi inapotoa harufu au moshi, hatua ya kwanza ni kuzima swichi ya soketi, au swichi kuu ikiwa soketi yenyewe imeungua, kabla ya mkono kugusa kitu. Plagi ikishachomolewa, Kiswahili chenyewe kinatoa kipimo cha joto lake. Plagi iliyobeba mzigo mkubwa kwa muda mrefu huwa vuguvugu, na hilo ni jambo la kawaida, kwa kuwa fyuzi iliyo ndani yake hutoa joto kidogo. Plagi ya moto, ambayo kiganja hakiwezi kutulia juu yake, ina kasoro. Plagi iliyobabuka, iliyogeuka rangi au kuyeyuka haipimwi tena, inatupwa.

Hatua inayofuata ni kuuliza kama joto linahama au linabaki. Ikiwa hakuna kilichobabuka, pasi hiyo huchomekwa kwenye soketi nyingine iliyo nzima na kuangaliwa kwa dakika chache. Plagi ikipata moto huko pia, joto limehama pamoja nayo, na kasoro imo ndani ya plagi. Ikibaki baridi huko, na kifaa kingine cha nguvu inayolingana kikapata moto kwenye soketi ya kwanza, joto limebaki ukutani, na kasoro ni ya soketi. Pini nazo hutoa ushahidi. Pini moja ikiwa nyeusi na nyingine zinang'aa, kasoro iko kwenye tundu la pini hiyo au kwenye skrubu yake.

Plagi inayofunguka ikifunguliwa, mambo matatu hutazamwa. La kwanza ni skrubu: je, zimekaza, na je, zimebana shaba au zimebana plastiki ya waya? Kosa hili la pili hutokea mara nyingi, na waya huonekana umeshika ilhali haushiki. La pili ni nyuzi za waya: zilizokuwa nyeusi hukatwa hadi ifikiwe shaba inayong'aa, kisha zikafungwa upya. Mazoea ya kuzitia lehemu ncha za nyuzi kabla ya kuzifunga kwa skrubu hayafai, kwa sababu lehemu ni laini, husogea polepole chini ya mbano, na baada ya muda skrubu hulegea. La tatu ni vibanio vya fyuzi: vikiwa vimepoteza springi, joto huanzia hapo, na kubadilisha fyuzi peke yake hakusaidii.

Upande wa soketi, kazi ni ya fundi mwenye leseni, baada ya umeme kukatwa na kuhakikishwa kwamba umekatika. Soketi ambayo springi zake zimelegezwa na joto haitengenezeki, hubadilishwa. Ni muhimu plagi iliyoungua ibadilishwe pamoja nayo, kwa kuwa pini zenye utando mweusi na mashimo madogo ya cheche zitaiharibu soketi mpya kama zilivyoharibiwa na ile ya zamani.

Hapa ndipo tofauti ya kulegea na kuzidiwa inapodhihirika. Katika volti 230, ampea 13 ni karibu wati 3,000. Ekstensheni moja yenye birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 imezidiwa, hata kama kila skrubu imekazwa. Fyuzi hustahimili ziada ndogo kwa muda mrefu kabla ya kukata, na muda huo wote plagi inapata joto. Ekstensheni iliyoviringishwa kwenye gurudumu lake huwa na shida zaidi, kwani joto la waya halina pa kutokea. Dawa ya kuzidiwa ni kupunguza mzigo. Dawa ya kulegea ni kukaza au kubadilisha. Anayeziita hali zote mbili shoti anaweza kupunguza mzigo mahali panapohitaji kukazwa, au kukaza mahali panapohitaji kupunguzwa.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni plagi zinazovuka mipaka. Plagi nyembamba ya Ulaya yenye pini mbili za mviringo za milimita 4 huingizwa mara nyingi katika soketi ya mstatili kwa kuzibua tundu la juu kwa kalamu au kijiti. Tundu hilo ni la waya wa ardhi, na pini yake ndiyo iliyokusudiwa kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Soketi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya pini bapa. Pini ya mviringo huigusa kwenye mstari mwembamba tu, inacheza, haishiki. Pini nene zaidi za vifaa vizito vya Ulaya, zenye milimita 4.8, huzitanua springi zikilazimishwa, na baadaye hata plagi halali haitashika vizuri hapo. Chaja ya simu huenda isilete madhara ya haraka, lakini kifaa cha kupashia joto kilichochomekwa kwa namna hiyo hupata moto, na hakina waya wa ardhi wa kumlinda mtumiaji. Kitenzi kucheza kinaonya kuhusu hatari hii kwa usahihi kuliko neno shoti.

7.0 Pendekezo la istilahi

Kutokana na maelezo hayo, inapendekezwa kwamba maandishi ya Kiswahili yatofautishe hali nne. Shoti ibaki na maana yake ya kwanza tu, yaani nyaya kugusana na mkondo kufurika. Kuvuja kutaje umeme unaopita mahali usipotakiwa, na mtu aliyedhurika asemwe kwamba amepigwa na umeme. Kuzidiwa kutaje mzigo uliopita kiasi. Kulegea kutaje udhaifu wa mguso, na nomino yake iwe mguso mlegevu. Kila jina kati ya haya manne linabeba dawa yake: kutenganisha, kuziba njia ya uvujaji na kukagua waya wa ardhi, kupunguza, na kukaza.

Pingamizi mbili zinatarajiwa. Ya kwanza ni kwamba sayansi tayari inalo neno ukinzani, na kwamba kauli kama ongezeko la ukinzani katika mguso ingetosha. Ni kweli kwamba kauli hiyo ni sahihi, na mwanafunzi wa fizikia hana budi kuijua. Lakini ukinzani ni kipimo, na hupatikana katika kila waya, hata ulio mzima. Mguso mlegevu ni jina la kasoro yenyewe. Daktari huhitaji kipimo cha joto la mwili na huhitaji pia jina la maradhi.

Pingamizi ya pili ni kwamba maneno ya karakana hubadilika kutoka mji hadi mji na kwamba hayana usanifu. Hoja hii ina nguvu zaidi. Mahali pamoja plagi inacheza, pengine inatikisika. Na kuna wasemaji wanaoliita neno plagi hata tundu la ukutani. Hata hivyo, tofauti za aina hii ndizo zilizokuwapo pia mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili, na hazikuwa sababu ya kuacha kusanifisha. Zilikuwa sababu ya kukusanya kwanza na kuamua baadaye. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 na ambayo tangu mwaka 2009 imekuwa sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, vimeacha mfano wa namna kazi hiyo inavyofanywa. Kinachohitajika kwa uwanja huu ni ukusanyaji wa makusudi katika karakana za Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, Kampala na Bukavu, ukiandika kitenzi pamoja na tendo linalofuata baada ya kitenzi hicho kutamkwa.

Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada za tasnifu wana hapa uwanja ambao haujalimwa sana. Waandishi wa habari nao wana wajibu mdogo lakini wenye faida kubwa. Afisa anapotaja hitilafu ya umeme, aulizwe: ni shoti, ni kuvuja, ni kuzidiwa au ni kulegea? Jibu likiwa kwamba uchunguzi haujakamilika, liandikwe hivyo.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba plagi inayopata moto ni suala la lugha pamoja na kuwa suala la umeme. Kasoro inayosababisha moto mwingi wa namna hiyo haizuiwi na fyuzi, kwa hiyo mlinzi wake wa kwanza ni mtu mwenye jina la kuliita jambo analoliona, analolinusa na analoligusa. Kiswahili kina jina hilo, nalo limo katika vitenzi ambavyo fundi huvitamka akiwa na bisibisi mkononi. Vitenzi hivyo vikiingia katika kamusi, katika vitabu vya sayansi vya shule za msingi na katika habari za magazeti, mama anayepiga pasi hatahitaji kungoja moshi. Akiona plagi inacheza na kuihisi kuwa ya moto, atajua kwamba imelegea, ataizima, na atamwita fundi akijua la kumwambia.